Koroma la Nowicki

Toledo, Ohio
9 Januari 2024

Kwako Mwalimu Dewayne Tolliver,

Sura yangu huijui, lakini jina langu nadhani umewahi kulitukana. Mimi ni Lorna Haggerty, niliyekuwa naandika habari za Wahunzi, klabu yetu ya mpira wa Kimarekani, katika gazeti la hapa mjini tangu nina nywele nyeusi mpaka zikawa hizi. Kila Aprili, klabu zilipokaa kuteua vijana wa vyuo vikuu, ya mkiani ikianza na bingwa akimalizia, mimi niliamka asubuhi yake na kumwandikia meneja wetu mkuu, Casimir Nowicki, ripoti kama ya mtoto wa shule. Huyu kijana A, huyu C, huyu F. Nilikuwa nasahihisha mtihani kabla haujafanywa, na mji mzima ukinisoma huku unakunywa kahawa.

Wewe, mrusha mpira wetu mpya, mwaka 1991 nilikupa A. Miaka mitatu baadaye, mpira ulipokukataa kabisa, nikaandika juu ya picha yako kwa herufi kubwa: MCHAGUA NAZI HUPATA KOROMA. Nasikia mashabiki walikuimbia hilo uwanjani.

Sasa nakueleza shida yangu. Uwanjani kwetu kuna ukuta wenye majina ya waliotukuka. Jopo linaloamua ni la watu watano na mimi nimo, na lina sheria moja ngumu: mmoja akikataa, jina haliandikwi. Wanne tunataka jina la Nowicki liandikwe mwaka huu, angali hai. Ana miaka themanini na sita na moyo unamsumbua. Wachezaji wanne aliowateua yeye wako ukutani tayari, aliyewaleta hayupo. Yupo Obrecht, yule mzuiaji mnene aliyekuwa akisimama mbele yako usivunjwe mbavu, ambaye Nowicki alimtoa chuo kisichojulikana hata na majirani zake, raundi ya sita ya uteuzi. Mimi nilimpa F na kuuliza kama ameletwa kuzibua vyoo, maana baba yake alikuwa fundi bomba. Mtu akiwa na jicho la kumwona Obrecht pale ambapo sisi wengine tuliona tumbo tu, mimi namvulia kofia.

Anayekataa ni Gus Farkas, daktari wa meno. Mwaka 1993 alichoma jezi yako kwenye jiko la soseji nje ya uwanja, na soseji zote zikanuka plastiki. Anasema, "Aliyemchagua Tolliver akamwacha Pruitt, mrusha mpira bora wa mwaka ule, aende kwa mahasimu wetu, huyo haandikwi ukutani nikiwa hai." Tunakaa tena Aprili mwanzoni.

Ninaomba kitu kimoja. Wote niliowahoji wananisimulia simu ile ile. Nowicki akiteua kijana, hampigii kuongea naye. Anasema, "Mama yako yuko karibu? Mpe simu." Kama si mama basi bibi, au yeyote aliyemlea. Halafu anamwambia, "Mama, naomba mwanao." Mpaka akubaliwe. Mama yake Obrecht alikataa kwanza, hadi Nowicki alipoahidi kwamba mtoto atakuwa anakwenda kanisani. Nisimulie simu yako. Nataka niiweke mbele ya Farkas nione kama meno yake mwenyewe hayatauma.

Wako, na samahani kwa lile koroma,
Lorna Haggerty

*

Eufaula, Alabama
22 Januari 2024

Bi Haggerty,

Mama yangu amesimama nyuma yangu, ameniambia nianze na shikamoo, hata kama wewe ndiye uliyeandika yale. Basi shikamoo. Anaitwa Earline, ana miaka themanini na mmoja, na makala yako alikuwa nayo muda mrefu kwenye droo ya visu. Anasema hapo ndipo palipofaa.

Sina kinyongo. Nafundisha historia na kufundisha mpira kwenye sekondari ya hapa, na watoto wameshaiona picha ile. Nikiwafokea kwa kurusha ovyo, kuna mmoja hunung'unika, "Sikiliza koroma linavyoongea." Nami hucheka, nafanyaje?

Nowicki usiniulize kama anastahili. Niulize kwa nini mmechelewa.

Nikupe hili la kumpelekea daktari wako wa meno. Msimu wangu wa pili tulikuwa tunafungwa nyumbani kila Jumapili, na mashabiki walikuwa wakinisubiri kwenye lango la wachezaji. Walinirushia walichonacho. Toledo walichonacho ni soseji. Basi Jumapili moja natoka, namkuta Nowicki amesimama pale na koti lake la sufu ya ngamia, lile alilokuwa akiringia. Akaniambia, "Twende, kijana, nakusindikiza kwenye gari. Tembea upande wa ukuta." Nikatembea upande wa ukuta. Tulipofika garini koti lile lilikuwa na haradali kuanzia bega mpaka mfukoni. Jumapili iliyofuata akaja tena, na koti lile lile. Hakuacha hata mara moja mpaka niliposimamishwa.

Na kusimamishwa kwenyewe. Unajua desturi: mchezaji asiyetakiwa hutumiwa mtu mdogo wa ofisini, anamgonga bega, "Bwana mkubwa anakuita, njoo na vitabu vyako vya mbinu." Unajua hapo hapo kwamba umekwisha. Mimi alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa jikoni kwangu, akala mayai niliyokaanga, na mimi sijui kukaanga. Akasema, "Dewayne, mpira umeisha kwako, lakini kuna watu wanaojua mchezo huu kwa sababu uliwanyenyekea, na kuna watu wanaoujua kwa sababu uliwatesa. Wewe nenda kafundishe." Ndiyo kazi niliyofanya tangu siku ile. Kila Novemba hunitumia kadi kuuliza matokeo ya shule yetu, na akiona tumefungwa huniandikia ni wapi nilipokosea.

Waandishi mlipokuwa mkimwuliza kuhusu mimi alikuwa akisema, "Ni chaguo langu. Niulizeni mimi, mwacheni kijana ale." Ulikuwepo, unakumbuka.

Kuhusu ile simu, ni zamani mno na laini za huku wakati ule zilikuwa mbovu. Iache.

Kwa heshima,
Dewayne Tolliver

Tena: Mama anasema Toledo hakuwahi kufika kwa sababu ya baridi na ndege, lakini baridi ndiyo kubwa.

*

Toledo
24 Februari 2024

Nowicki,

Simu husikii, kwa hiyo nakuandikia, nawe utajifanya huoni. Habari za huko kwenye miti ya cheri ya binti yako? Natumaini wanakunyima chumvi.

Nakupigania, kama ulivyosikia. Wapo wanaocheka: Haggerty aliyekuwa akimpa mzee F kila masika sasa ndiye wakili wake. Waache. Nimekaa msimu huu wa baridi nikipitia uteuzi wako wote, mwaka kwa mwaka, na kila nilipokucheka ulikuwa sahihi, na mara nilizokusifu ndizo mlizovuna mabua. Nimeona aibu, kisha nikaona fahari kwamba nilikaa karibu na mtu anayeona namna ile. Sitarudia kusema hilo, kwa hiyo lisome mara mbili.

Lakini Farkas anashikilia Tolliver. Na jana, Ijumaa, nimekwenda kula samaki wa Kwaresima kanisani Mtakatifu Hedwig, nikakaa meza moja na Vince Odom. Unamkumbuka, msaka vipaji wako aliyekuwa akilala kwenye gari. Baada ya sahani ya pili ya kabichi akanisogelea. "Lorna," akasema, "umri wangu huu sina wa kumwogopa. Kadi ya uteuzi ya mwaka ule ilikuwa imeshaandikwa Pruitt. Mzee Brandtner akaingia chumbani, akaichana. Alimwona yule kijana kwenye televisheni siku ya mwaka mpya akampenda kama mtu anavyopenda gari. Akasema timu ni yangu, andikeni Tolliver."

Kweli au uongo? Kama ni kweli, Nowicki, kazi imekwisha. Mwenye klabu ameshakufa, hana mtoto, hakuna wa kuumia. Nasimama mbele ya Farkas nasema: lile koroma halikuwa lake, nazi aliyoitaka ilikuwa Pruitt. Unaingia ukutani bila doa. Niandikie neno moja tu, ndiyo.

L. Haggerty

*

Traverse City, Michigan
4 Machi 2024

Haggerty,

Chumvi naiba.

Odom mdomo wake siku zote ulikuwa mkubwa kuliko macho yake. Kweli. Sasa funga mdomo wako wewe.

Nisikilize vizuri maana siandiki barua ndefu. Tolliver ni chaguo langu. Nilisema hivyo mwaka 1991, nikasema hivyo siku ile uliyonisimamia na kalamu yako kama fimbo, na nitasema hivyo kaburini. Unadhani nilikuwa namkinga Brandtner? Brandtner angejikinga mwenyewe, alikuwa na ngozi ya kiboko. Fikiria kijana wa miaka ishirini na mbili, watu wanamzomea, wanamrushia vyakula. Ameshika kitu kimoja tu: kwamba yupo mtu anayejua mpira aliyemtazama na kusema, huyu. Hilo ndilo lililomtoa kitandani asubuhi. Ukimwambia aliyemtaka alikuwa tajiri mmoja mbele ya televisheni, umemwachia nini? Mimi niwe sahihi, yeye awe hakutakiwa na mtu. Ukuta gani huo? Siutaki.

Na usiniandike kama mtakatifu, nakujua. Nina deni kwa yule kijana ambalo hakuna ajuaye. Siku ile Brandtner alipochana kadi, nilitoka nikaenda kusimama kwenye maegesho na hasira zangu. Simu alipiga Brandtner. Mimi sikupiga. Katika miaka yangu yote ndiye kijana pekee ambaye sikumwomba kwa mama yake. Nilipopoa nilimwona ni kijana mwema, anajifunza, hasemi uongo, mkono wake tu ndio haukuwa na haraka ya kutosha kwa mchezo wetu. Nikampenda. Lakini utampigiaje mama wa mtu wiki mbili baadaye? Utasema ulikuwa wapi? Nikanyamaza. Nimebaki kutembea naye mpaka kwenye gari.

Kwa hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Farkas akikataa, akatae.

C. Nowicki

Obrecht kanisani haendi. Mama yake alinilaumu mpaka anakufa.

*

Toledo
15 Machi 2024

Mwalimu Tolliver,

Barua yako nimeisoma mbele ya jopo. Mambo ya koti la haradali yamewachekesha wote, na Farkas amekiri kwamba huenda soseji moja ilikuwa yake. Lakini kura hajabadili. Anasema, "Wema ni wema, lakini ukuta ni wa mpira. Uteuzi ni uteuzi. Mtu alikuwa na Pruitt mkononi."

Mimi nimekwama, na sijui nikuelezeje. Kuna hoja ningeweza kuitoa ikammaliza Farkas palepale, lakini nimezuiwa kuitoa na mwenye haki ya kunizuia, na kwa kweli hata mimi sasa sitaki. Usiniulize. Ninachoweza kusema ni kwamba Nowicki anasema wewe ni chaguo lake, na amelisema kwa herufi nzito. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu, kwa kuwa koroma nililiandika mimi.

Jopo linakaa tarehe sita Aprili. Kama una neno lingine lolote, nitumie.

Lorna Haggerty

*

Eufaula
25 Machi 2024

Bi Haggerty,

Kuficha hujui. Ungekuwa mrusha mpira, mabeki wangesoma macho yako kila mara.

Umeambiwa kwamba aliyenichagua ni Brandtner. Nami nakuambia: najua. Nimejua tangu wiki ya kwanza.

Ile siku, sisi huku tulikuwa tumekaa sebuleni, jamaa na majirani, keki za viazi vitamu mezani, simu katikati kama mgeni. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amekaa kando ya simu, kwa sababu mchezaji mmoja wa chuo chetu aliyekwenda Toledo mwaka uliotangulia alimwambia, "Mama Tolliver, wakiwa ni Wahunzi, jiandae, yule mzee atataka kuongea na wewe." Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na jambo la kumwambia. Simu ikalia, ni Toledo, nyumba nzima ikapiga kelele. Nikasikia sauti ya mtu anacheka, akajitaja Brandtner, akasema nitamletea kombe, akasema nikanunue suti, akakata. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamwambia laini imekatika.

Wiki ile ile nilipofika kambini, vijana wapya tukawa tunakula, kila mmoja anasimulia simu yake. "Alimwomba bibi yangu." "Kwetu mama alimwuliza anasali wapi." Wakaja kwangu. "Na wewe je, Tolliver?" Nikasema na mimi hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipojua. Kumbe yule mzee hakunitaka.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini mtu huyo anastahili ukuta mzima. Nilikaa miaka mitatu nikimngoja aniumbue. Kila tulipofungwa nilisema, leo atasema, sikumtaka mimi, mwulizeni Brandtner. Nani angemlaumu? Ilikuwa kweli. Sentensi moja tu na mji mzima ungembeba. Hakuisema. Alikuja na koti lake akatembea upande wa soseji. Bi Haggerty, mtu kukupenda kwa sababu alikuchagua, hilo si jambo; kila mtu anapenda alichochagua. Yeye alinipenda nikiwa nimewekwa mapajani pake kwa nguvu.

Hoja yako usiitoe. Akijua kwamba najua, ataona kazi yote ile ilikuwa bure, na haikuwa bure. Mwache aamini amenificha. Nitakuja Toledo mwenyewe tarehe sita nizungumze na daktari wako. Ni mwendo mrefu kwa gari, lakini nina kaseti za mahubiri za mama.

Dewayne Tolliver

*

Toledo
8 Aprili 2024

Nowicki,

Kaa kwenye kiti. Umeingia. Wote watano.

Hujui jinsi ilivyotokea, na kwa kuwa binti yako anasema madaktari wamekukataza kusafiri, nakusimulia. Tolliver alikuja. Ndiyo, yeye mwenyewe, kutoka Alabama, kwa gari, amevaa tai. Tulikuwa tumekaa kwenye kile chumba cha chini cha ukumbi wa Wahungari, tuna supu. Farkas alipomwona alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena.

Tolliver akafungua begi, akatoa jezi yake ya mwisho ya Wahunzi, akaiweka mezani mbele ya Farkas. Akasema, "Daktari, nasikia yako uliichoma. Hii ndiyo niliyobaki nayo. Kama bado unayo hasira, nje nimeona jiko la soseji. Kiberiti ninacho."

Farkas akasema, "Mwalimu, si wewe. Ni yeye. Alikuwa na Pruitt."

"Pruitt alikuwa bora kuliko mimi," Tolliver akasema. "Nakubali. Ningekuwa mimi ndiye meneja, ningemchukua Pruitt. Lakini nyinyi hapa Toledo mnampa mtu alama asubuhi ya uteuzi," hapo akanitazama, mshenzi yule, "kisha mnaiacha hapo. Mpeni alama ya siku zilizofuata. Obrecht aling'aa, kusimama karibu na Obrecht kuna kazi gani? Nani hataki kupigwa picha na Obrecht? Mimi sikuiva, daktari. Wewe mwenyewe uliona. Na yule mzee hakunitupa. Sasa nina vijana arobaini shuleni, kila mwaka wapya, na wengi wao hawataiva. Najua la kufanya nao kwa sababu nilifanyiwa. Hao nao wahesabuni. Nao ni uteuzi wa Nowicki."

Farkas akaishika ile jezi. Akaikunja, vizuri, kama mkewe anavyokunja vitambaa vya meza. Akairudisha. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetafuna kitu kigumu, "Supu itapoa, Mwalimu, kaa ule." Na mkono akauinua. Kisha akamwuliza jino lake la juu lina tatizo gani, kwa nini anatafunia upande mmoja.

Nilikuwa nimekaa pale na kalamu yangu nikashindwa kuandika. Mimi ambaye nilikudhihaki kwa mwaka ule kuliko mwaka wowote, sasa naona ndio mwaka wako mkubwa.

Siri yako nimeitunza. Hakuna aliyeitaja.

Sasa kazi ni yako. Jina linafunuliwa Septemba, mechi ya kwanza ya nyumbani. Unajua desturi: anayetukuzwa anateua mtu wa kuvuta kitambaa na kumsemea kwa mashabiki. Klabu inadhani utamteua Obrecht. Ameshaanza kujipunguza mwili ili suti imtoshe. Niambie ni nani, wamwandikie.

Lorna

*

Traverse City
15 Aprili 2024

Haggerty,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Binti yangu ameniuliza kwa nini naangalia dirishani.

Mwambie Obrecht aendelee kula.

Nimeshateua. Klabu isiandike barua kwa mtu yeyote, na wewe usipige simu kwa mtu yeyote. Nitapiga mimi. Ndiyo, najua siisikii. Binti ataniwekea kile kidude cha kukuza sauti, na kama sisikii nitapaza. Nitapiga siku ya uteuzi, jioni, saa inayotakiwa.

C.N.

*

Eufaula
26 Aprili 2024

Mama Haggerty,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na jana jioni.

Tulikuwa sebuleni. Televisheni ilikuwa inaonyesha uteuzi, vijana wa watu wamevaa suti za rangi zote wanakumbatiana na mama zao. Mimi nilikuwa nasahihisha insha, na mama alikuwa kwenye kiti chake anamenya maharage, anawapa alama wale vijana kwa namna walivyonyoa. Simu ya ukutani ikalia. Ile tumeiacha kwa ajili yake, maana ya mkononi haitaki. Nikainuka kuichukua.

Mtu akawa anapiga kelele kama yuko upande wa pili wa mto. "NI TOLLIVER?"

Nikasema ndiye.

"NI NOWICKI. WAHUNZI WA TOLEDO."

Nikasema, "Ndiyo, mzee, nakusikia, huna haja ya kupaza."

Hakusikia. Nikamsikia anahema, nikadhani moyo. Nikamwita. Kisha akasema, na safari hii hakupaza, alisema polepole kama mtu aliyelifanyia mazoezi:

"Mama yako yuko karibu? Mpe simu."

Mama Haggerty, nina miaka hamsini na mitano. Watoto wa shule wananiogopa. Nilisimama pale nimeshika simu nikashindwa kugeuka. Mama akasema, "Nani huyo anayekuliza?" Nikamwambia, "Ni yako."

Akaweka bakuli la maharage chini. Akajifuta mikono. Akaweka nywele vizuri, kana kwamba anaonekana. Akachukua simu, na kwa kuwa mzee alikuwa amerudia kupaza, tulisikia nyumba nzima na nadhani majirani pia.

"MAMA TOLLIVER. NI CASIMIR NOWICKI. NATAKA MTU WA KUNISEMEA MBELE YA WATU SEPTEMBA, NA NIMECHAGUA MMOJA. NIMEMCHAGUA MIMI, MWENYEWE. MAMA, NAOMBA MWANAO."

Mama alikuwa na lile jambo la kumwambia, alilolitayarisha na gauni la kanisani, na nilimwona analitafuta. Nikaogopa kidogo, maana namjua. Halafu akasogeza simu karibu na mdomo ili yule mzee asikie.

"Umekawia, Bwana Nowicki," akasema. "Lakini umefika. Yupo hapa, mchukue."

Dewayne

Tena: Anauliza Septemba huko kwenu kuna baridi kiasi gani. Amesema atakuja, lakini kwa gari.